Haki Iliyohifadhiwa Garsen

Sijawahi kuwa mtu wa subira. Wanaonijua hawatashangaa nikisema kwamba hata leo, miaka zaidi ya ishirini baadaye, nikiona maneno "haki zote zimehifadhiwa" mwanzoni mwa kitabu au chini ya picha, damu hunichemka. Maneno hayo yaliingia nyumbani kwetu nyuma ya picha ya baba, na aliyeyaingiza ni mimi.

Wakati huo nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja hapo Garsen. Nyumbani kwetu ni Kinakomba, mwendo wa kutwa nzima kuufuata mto kwenda juu, ambako baba alikuwa na shamba la mahindi na migomba kando ya maji. Mdogo wangu wa kiume alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Baba akaja naye mpaka Garsen kumsindikiza, wakalala kwangu siku mbili wakisubiri basi la Mombasa. Mdogo wangu alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka, picha ya baba peke yake, kwa sababu baba alikuwa hajawahi kupigwa picha isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho ambayo humwoni mtu, unaona doa jeusi lenye masikio.

Studio ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na steji ya mabasi. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo aliyetoka upande wa Malindi, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nyuma ya kigoda cha kukalia alitundika pazia kubwa lililochorwa mlima wenye theluji na ziwa lenye bata weupe. Baba aliutazama mlima ule kwa muda, kisha akamwomba avute pazia pembeni. Alisema hajawahi kufika huko na hataki watu wadhani amefika. Akapigwa mbele ya ukuta mtupu, kofia kichwani, mikono magotini.

Mdogo wangu aliondoka kabla picha haijawa tayari. Siku hizo filamu zilipelekwa Malindi kusafishwa, na mabasi yalikuwa hayatoki mpaka yapate eskoti ya askari kwa hofu ya majambazi njiani, kwa hiyo picha iliyopigwa leo unaweza kuipata baada ya wiki mbili. Ilipokuja ilikuwa nzuri kuliko tulivyotarajia. Nililipia nakala mbili. Moja niliitia posta kwa mdogo wangu, ya pili nikampelekea mama mwenyewe nilipopata likizo.

Mama anasoma herufi za Kiarabu, za Kizungu hazijui. Aliitazama picha akacheka kwa haya, akaigeuza, akaona muhuri wa wino wa zambarau. Akaniuliza umeandikwa nini. Kulikuwa na jina la studio, na chini yake HAKI ZOTE ZIMEHIFADHIWA.

Sasa hapa ndipo napaswa kukiri. Mimi nilikuwa napiga taipu barua za Kiingereza kutwa, lakini maneno yale sikuwahi kukutana nayo kwa Kiswahili. Kwetu haki ni ya mtu, ni fungu lake, ni kile anachostahili na asichonyimwa. Na kuhifadhi ni kazi wanayoifanya watoto wa madrasa, wanaposhika sura moja baada ya nyingine mpaka ikakaa moyoni isitoke. Nikayaunganisha hayo mawili kwa kujiamini kabisa. Nikamwambia mama: "Anasema haki yetu ameihifadhi kwake. Hata hii ikipotea, yeye anayo."

Mama alifurahi sana. Alisema huyo ni mtu mwaminifu, maana wangapi wanauza kitu kisha wakakuwekea chako? Akaifunga picha ndani ya kitambaa, akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Ukutani asingeiweka, kwa sababu ami yangu, aliyekuwa mwalimu wa madrasa, alikuwa ameshasema kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha ukutani, na mama hakutaka kubishana na shemeji yake.

Mwaka uliofuata baba alifariki. Aliugua siku chache tu, akazikwa siku ileile kama ilivyo kawaida yetu, na mdogo wangu akapata habari wiki nzima baadaye, huko baridini, peke yake. Mama akaingia eda. Hakuwa amemaliza miezi yake minne na siku kumi yale mafuriko ya Elinino yalipokuja. Maji yaliingia kijijini asubuhi, na ilipofika adhuhuri watu walikuwa wanatolewa kwa mitumbwi. Mwenye mtumbwi aliwaambia kila mtu achukue furushi moja. Mama alichukua msahafu, nguo kidogo, na mbegu za mahindi ambazo baba alikuwa amezitundika juu ya meko. Picha aliitoa sandukuni, akaitazama, kisha akairudisha.

Mimi sikuwapo. Alinisimulia mwenyewe, bila lawama hata kidogo, na ndiyo maana yaliniuma. Alisema mbegu hazikuwa na mtu wa kumhifadhia, lakini picha alijua haki yake iko Garsen.

Maji yalipopungua sanduku lilipatikana limejaa tope. Uso wote wa picha ulikuwa umebambuka kwenye karatasi kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Mbele ilibaki weupe. Nyuma, muhuri wa zambarau ulisomeka bila taabu.

Nilimwambia mama asihuzunike, nitakwenda kwa mwenye studio asafishe nyingine. Sikuwa na wasiwasi. Tena nilikuwa na kitu cha kumfurahisha. Katika barua za mwisho kutoka kwa mdogo wangu kulikuwa na karatasi kubwa, na katika karatasi ile alikuwapo baba. Mdogo wangu alieleza kwamba chuoni kila mwanafunzi anapewa ukurasa wake kwenye kompyuta, anaweka anachotaka, na mtu yeyote duniani mwenye intaneti anaweza kuufungua akaona. Yeye alikuwa ameweka picha ya baba. Chini yake aliandika kwamba huyu ni babangu, mkulima wa mto Tana, nilikuwa mbali alipozikwa. Basi, hayo tu. Karatasi ilikuwa imetoka vibaya, ukiikaribia unaona vidoa vyeusi vitupu, lakini nilijivuna nayo. Garsen nzima hakukuwa na mtu aliyewahi kuiona hiyo intaneti.

Nikaenda nayo studio. Nilidhani yule bwana ataiweka kwenye fremu. Nilimkunjulia mezani nikamwambia kazi yako imefika duniani kote.

Aliisoma polepole. Akaigeuza, akatazama nyuma. Kisha akaniuliza, "Dada, nani alimpa ruhusa?"

Sikumwelewa. Nikarudia maelezo, nikidhani ni habari ya kompyuta ndiyo imempita. Akanikatiza. Akasema habari ya kompyuta ameielewa sana, na ndiyo inayomtisha, kwa sababu hiyo ni sawa na kuibandika picha kwenye kila ukuta wa dunia. Akaniambia sisi tulinunua karatasi mbili, hatukununua picha. Picha ni kazi yake, na muhuri upo, sijui kusoma?

Nikamwambia najua kusoma, na muhuri unasema haki yetu umeihifadhi. Alinikodolea macho. Kisha akacheka, si kicheko cha dharau, kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema, "Haki ni yangu, dada. Nimejihifadhia mimi."

Sikumbuki kama niliwahi kuona haya namna ile. Nilihisi uso wangu unawaka. Na kwa kuwa kwangu mimi haya na hasira hukaa chumba kimoja, nilianza kumfokea. Nilimwuliza kama na pua ya baba ni yake, na masharubu ni yake, na huo mwaka aliozaliwa ni wake. Yeye hakupandisha sauti. Alisema uso ni wa baba yetu, hilo hakatai, lakini mwanga aliuweka yeye, na ile dakika aliichagua yeye. Alimaliza kwa kusema kwamba picha haitasafishwa mpaka ile ya kwenye kompyuta iondolewe, na aletewe ushahidi kwamba imeondolewa. Karatasi yangu akaitia ndani ya droo.

Ni lazima niseme na upande wake, ingawa sipendi. Siku hiyohiyo, mama mmoja aliyeuza chai mbele ya studio alinieleza kisa chake. Miaka kadhaa nyuma yule bwana alipiga picha ya ng'ombe wa Waorma, wafugaji wa huko, wakivuka mto, pembe tupu juu ya maji na vijana wakiogelea katikati yake. Alikaa siku tatu akiisubiri. Mgeni mmoja akanunua nakala. Baadaye yule bwana alikwenda Malindi, akaingia dukani kununua filamu, akakuta ng'ombe wake ukutani kwenye kalenda, na jina la mtu mwingine chini yao. Aliporudi ndipo alipochonga muhuri.

Kwa hiyo alikuwa na donda lake. Lakini mgeni wa kalenda na mtoto aliyekosa mazishi ya babake ni watu wawili, na hilo ndilo nililomrudia kumwambia kila wiki. Mdogo wangu hakuuza kitu. Alikuwa analia, kwa namna ya huko alikokuwa. Yule bwana alinisikiliza kila mara mpaka mwisho, akaniambia anaelewa, na akasema iondoke kwanza. Ningependa angenitukana. Mtu anayekuelewa na bado anakunyima hana pa kushikika.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza wakili mmoja nani alikuwa na haki. Alisema picha uliyoiagiza mwenyewe na kuilipia huenda ina hesabu yake, lakini kuiweka hadharani ni jambo lingine tena, na kwamba hata yeye angehitaji kusoma kwanza. Nilimwambia asijisumbue.

Nikamwandikia mdogo wangu. Barua ilichukua wiki tatu kufika, jibu likachukua tatu kurudi, na jibu lenyewe lilikuwa hapana. Alisema picha aliiagiza yeye, nakala yake ililipiwa, na ule ni uso wa mzazi wake. Haoni kwa nini mtu wa Garsen amzuie kumtaja baba mahali pake mwenyewe. Alisema ukurasa ule ndio kaburi analozuru. Mimi nilikuwa tayari nimeshabeba maneno ya mwenye studio kwenda kwake, sasa nikabeba yake kwenda studio, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenishukuru kwa mzigo.

Huko juu mama alikuwa anasubiri. Kila aliyeshuka Garsen kutoka Kinakomba aliniletea swali lilelile, je, yule mwaminifu ameshatoa haki yangu? Kwa muda nilidanganya. Nilisema filamu ziko Malindi, mabasi hayana eskoti, barabara imekatika, na mengine katika hayo yalikuwa kweli. Mwishowe nilipanda mwenyewe kwenda kumwambia kwamba nilisoma vibaya. Nilimweleza kwamba yale maneno maana yake ni kuwa picha ni ya aliyeipiga, na ameweka muhuri ili watu wajue.

Alikuwa anapeta mchele. Hakuacha. Akapuliza makapi, akasema, "Basi alikuwa anajiandikia mwenyewe." Akaendelea kupeta. Hakuniuliza kwa nini nilisema nisichokijua. Nilichotaka ni anikaripie, niwe na sababu ya kujitetea, lakini hata hilo nililikosa.

Niliporudi nilimpigia simu mdogo wangu kutoka posta, jambo ambalo mshahara wangu haukuruhusu. Nilimwambia mama hana kitu, ana karatasi nyeupe. Nilimwambia mimi na yeye tuna macho ya kumkumbuka baba kwa miaka mingi, lakini mama anazeeka na anaitaka picha ile kabla macho hayajamwisha. Kisha akasema sawa.

Kulikuwa na namna alivyosema hiyo "sawa" ambayo ningepaswa kuiuliza. Sikuuliza. Nilikuwa nimechoka kusihi watu.

Bahasha ilikuja mwezi uliofuata. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya kompyuta yenye mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba ukurasa unaoutafuta haupo. Huo ndio uliokuwa ushahidi wetu, karatasi ya kuthibitisha kwamba baba hayupo. Pamoja nayo kulikuwa na barua fupi. Mdogo wangu alisema amefuta kila kitu, kwa hasira, kwa mara moja, bila kubakiza hata nakala kwenye disketi. Kisha akaongeza jambo ambalo alikuwa amelificha karibu mwaka mzima. Ile picha niliyomtumia kwa posta aliiacha kwenye chumba cha kompyuta siku alipoitia kwenye mashine ya kunakili picha kwenye kompyuta, na alipoirudia hakuikuta. Aliona haya kuniambia. Alisema lakini sasa yule bwana atasafisha nyingine, naomba zifanywe tatu.

Nilisoma barua ile nimesimama posta. Mama alikuwa tayari yuko kwangu. Alikuwa ameshuka jana yake, kwa sababu nilimpelekea habari kwamba mambo yamekwisha na picha iko njiani. Sikumwambia yaliyomo kwenye barua. Nilimwambia tu twende.

Yule bwana alimpokea mama kwa heshima kubwa. Alimpa kile kigoda cha kukalia, akamwita mama, akampa pole ya msiba na pole ya mafuriko. Aliisoma karatasi yangu, akaikunja, akasema ahsanteni, hana kinyongo. Kisha akapanda kwenye kiti na kuteremsha boksi la viatu kutoka juu ya kabati. Alieleza kwamba maji yalipoingia Garsen aliyapandisha maboksi yote huko juu, ndiyo yakapona.

Akafungua. Boksi halikuwa limefikiwa na maji, lakini bati juu yake lilikuwa limevuja mvua yote ile, miezi mingapi sijui. Ndani kulikuwa na kitu kimoja kizima, cheusi, chenye ukungu. Negativu zote, zile filamu za kutolea nakala, zilikuwa zimegandana. Alijaribu kuibandua ya juu kwa ukucha, ikachanika. Akajaribu ya pili. Akaenda kulowesha kitambaa, akarudi, akajaribu tena, na jasho likawa linamtoka. Nikatambua kwamba hakuwa ametudanganya. Hakuwahi tu kuangalia. Miezi yote hiyo alikuwa analinda boksi ambalo hakulifungua hata siku moja.

Nilisema mengi. Sitayaandika. Nilimwambia pia kuhusu picha iliyopotea Uingereza, na kwamba ile tuliyofuta kwa amri yake ndiyo ilikuwa ya mwisho. Alikaa chini kwenye sakafu, boksi mapajani. Baadaye alivuta droo, akatoa ile karatasi yangu ya vidoa, akampa mama kwa mikono miwili. Mama aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaielekeza mlangoni kwenye mwanga. Akairudisha. Alisema kwa upole kwamba huyo hamjui.

Kisha akamgeukia yule bwana. Kiswahili chake si chepesi, nyumbani tunasema lugha yetu, kwa hiyo aliyatafuta maneno mojamoja.

"Wewe ulimtazama siku ile, mwanangu. Kwa ile kamera, ulimtazama sana. Niambie alikuwaje."

Yule bwana alifungua mdomo. Alitazama ukuta mtupu kando ya pazia, mahali alipokaa baba. Nilimwona anatafuta kwa kweli, na nilimwona anakosa.

"Watu ni wengi, mama," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, bila ugomvi, akaanza kumweleza yeye. Alisema alikuwa mrefu hivi, na meno ya mbele yameachana kidogo, na alikuwa na kovu hapa, alipigwa pembe na ng'ombe wa rafiki yake Muorma walipokuwa vijana. Akaweka kidole juu ya jicho lake la kushoto ili yule bwana aone vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikihema kwa hasira, nikisubiri tuondoke. Siku zote nilikuwa najua kwamba kovu lile liko juu ya jicho la kulia, na sasa hapakuwa na picha ya kutuamua.